Alumini ina usumaku au haina? Sufuria ya kuyeyusha inavuta sumaku sehemu moja tu

#1 Mangi wa Pasua
Wakuu, habari za kazi. Naomba wanaoshika metali kila siku wanisaidie, maana jibu la "alumini hainasi, basi" halitoshi hapa.

Kwanza, kuna sufuria nzito ya kuyeyusha, ile inayotengenezwa kwa kumimina alumini iliyoyeyuka kwenye umbo la mchanga. Sumaku iliyotolewa kwenye diski ya kompyuta mbovu hainasi popote, isipokuwa sehemu moja karibu na mshikio, upana wa kama sarafu. Hata hapo hainasi mpaka ikae, ila ukiining'iniza kwa uzi inaegemea pale na kutulia imeinama.

Pili, sumaku ileile ukiitelezesha juu ya bamba la alumini la milimita 6 inakwenda kama iko kwenye asali. Ukiiacha, hainasi.

Tatu, bati la dukani linaloitwa "la alumini" linanasa mpaka uibandue sumaku kwa kucha.

Sasa ina usumaku au haina?

#2 Tupa na Msasa (Unga Limited)
Mangi, hayo ni mambo matatu na kila moja lina jibu lake.

La sufuria, angalia ripiti za mshikio. Ripiti nyingi ni za chuma zilizopakwa zinki, zinang'aa kama alumini. Kwaruza kichwa cha ripiti kwa tupa: alumini inachimbika laini na kujaza meno ya tupa, chuma kinalia. Usitumie grenda kwa kipimo hicho. Alumini inaziba jiwe la grenda, jiwe linapata moto na linaweza kupasuka. Tena vumbi la alumini likichanganyika na la kutu ya chuma, ni mchanganyiko unaowaka kwa moto mkali kuliko wa kuchomelea.

#3 Mwalimu wa Maabara
Kwa kipimo cha karakana haina. Kwa kipimo cha maabara inayo kiasi kidogo sana, na inavutwa, haisukumwi.

Metali zinaitikia sumaku kwa namna tatu. Chuma, nikeli na kobalti zinavutwa kwa nguvu, kwa sababu atomi zake zimejipanga makundi makundi, na sumaku ikisogea makundi yanageukia upande mmoja. Alumini, magnesi na platinamu zinavutwa kiduchu. Shaba, zinki, risasi, fedha na dhahabu zinasukumwa, kiduchu zaidi. Kwa namba: uwezo wa utupu kupitisha usumaku ukiwa 1, alumini ni kama 1.00002, shaba ni kama 0.99999, na chuma laini kinafika maelfu. Hiyo 0.00002 mkono hauisikii. Kwa hiyo sumaku inayoegemea kwenye sufuria yako inavutwa na kitu kingine kilichomo, siyo alumini.

Aliyegundua mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme unageuza sindano ya dira, Hans Christian Ørsted wa Denmark, ndiye pia aliyetoa alumini kwa mara ya kwanza mwaka 1825. Mtu mmoja, mambo yote mawili ya uzi huu.

#4 Bati na Kofia
La bati hilo nalijibu mimi. Bati linaloitwa "la alumini" madukani, ukiwemo mgongo wa msauzi, karibu lote ni la chuma lililopakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Mpako wa gramu 150 kwa mita ya mraba, pande zote mbili, unene wake ni kama mikroni 20 (sehemu 20 za elfu za milimita) kila upande. Sumaku inavuka hapo kana kwamba hakuna kitu.

Kupima: tazama ukingo uliokatwa na mkasi. Ukiona mstari mwekundu wa kutu baada ya mvua mbili tatu, moyo wake ni chuma. Au pima uzito. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 0.4 ni kilo 3.1, ya alumini tupu ni kilo 1.1 tu. Siyo bati baya, lakini muuzaji aliite jina lake.

#5 Mangi wa Pasua
Asanteni. Bati nimelielewa. Lakini Tupa, sufuria hii haina ripiti. Mshikio umemiminwa pamoja na mwili, kipande kimoja.

#6 Kopa Safi
Basi uliza walichoyeyusha. Vyungu vingi vinayeyushwa kutokana na pistoni, vichwa vya injini, gamba la gia na rimu za aloi. Kwenye pistoni kuna mtego. Pini ya katikati ni chuma, sumaku inaikamata, unaigonga inatoka. Ila pistoni nyingi za dizeli zina pete ya chuma-nikeli iliyomiminwa ndani ya alumini, pale inapokaa ringi ya juu. Nikeli imezidi humo kiasi kwamba sumaku ya kawaida haioni kitu. Unaiona ukiyeyusha tu: alumini inayeyuka nyuzi 660, pete inabaki nzima chini ya kalibu, yaani chombo cha kuyeyushia.

Vichwa vya injini navyo vina siti za valvu, gaidi za valvu, na boliti zilizokatikia ndani. Nyingi ya hizo sumaku inazikamata, kwa hiyo pitisha kila tundu.

#7 Chalii wa Ngarenaro
Mnazunguka mbali. Alumini ya skrepa ina chuma ndani ya aloi yenyewe. Koleo, kijiko cha kuchotea, ndoo ya kuyeyushia, vyote ni chuma na vinalika taratibu kwenye alumini iliyoyeyuka. Chuma kikizidi, sufuria inaanza kuvuta. Ndiyo hiyo.

#8 Mwalimu wa Maabara
Chalii, nusu uko sahihi. Chuma kinayeyuka ndani ya alumini ya moto, ndiyo maana vifaa vinapakwa udongo au chokaa kabla ya kuzamishwa. Na kikizidi kama asilimia moja, ndani ya aloi yenye silikoni yanatokea masindano membamba ya alumini, chuma na silikoni, na chombo kinakuwa chepesi kupasuka. Lakini masindano hayo hayanasi sumaku. Chuma kikishaungana na alumini nyingi namna hiyo kinapoteza ule mpangilio wa makundi. Tena kingesambaa sufuria nzima, siyo kujikusanya karibu na mshikio.

#9 Chalii wa Ngarenaro
Sawa kwa kilichoyeyuka. Je, kisichoyeyuka? Kipande cha boliti, waya wa kufungia, ncha ya msumari? Chuma kinayeyuka nyuzi 1538, na moto wa mkaa na feni ya kuyeyushia alumini haufiki huko. Kikimwagwa haraka kinapita na kunasa pale uji wa alumini unapopoa kwanza. Ndiyo hoja yangu, nairekebisha namba 7.

#10 Mama wa Mbuyuni
Mmesahau mchanga. Mchanga wa kutengenezea umbo huku kwetu ni wa mito inayoshuka Kilimanjaro na Meru, mchanga wa volkano. Una chembe nyeusi za magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Chukua sumaku, ivalishe glavu ya mpira ya hospitali, ipitishe kwenye mchanga mkavu wa mtoni: inatoka na ndevu nyeusi. Ukiitoa sumaku ndani ya glavu, chembe zote zinadondoka, na sumaku inabaki safi.

Umbo lisipopigwa likashikana vizuri, mchanga unabomoka pale kwenye kona. Na kona iko wapi? Penye mshikio. Chembe zinabaki zimezama kwenye ngozi ya alumini.

Na niseme hili la afya: sumaku haiwezi kukuonyesha risasi ya betri. Risasi hainasi. Sumaku kutonasa siyo ushahidi kwamba sufuria ni salama. Anayeyeyusha asiweke kichwa cha betri, solda, wala skrepa asiyoijua ilikotoka.

#11 Kopa Safi
Mama wa Mbuyuni umenena. Na usidanganywe na rangi. Magnesi pia ni nyeupe na nyepesi na haikamati, ipo kwenye magamba ya misumeno ya miti na baadhi ya gia. Dondoshea siki: magnesi inatoa mapovu palepale, alumini inakaa kimya. Magnesi ikiwaka kwenye kalibu usimwagie maji hata tone. Funika kwa mchanga mkavu.

#12 Chalii wa Ngarenaro
Mama, kwa heshima, magnetaiti ikiguswa na alumini ya nyuzi 700 usumaku unafutika. Hata sumaku ya spika ukiichoma inakufa.

#13 Mwalimu wa Maabara
Hapo tutenganishe mambo mawili. Kuwa sumaku na kuvutwa na sumaku siyo kitu kimoja.

Sumaku ya kudumu ikipashwa inapoteza mpangilio wake, na ikipoa haurudi wenyewe. Zile za neodimi, kama ile ya diski ya kompyuta, za daraja la kawaida zinaanza kudhoofika moja kwa moja zikizidi nyuzi 80, kwa hiyo usizigandishe kwenye kitu cha moto. Lakini kuvutwa kunakufa kwa muda tu. Chuma kinaacha kuvutwa kikifika nyuzi 770, nikeli karibu 358, magnetaiti kama 580. Vikipoa, vinavutwa tena kama mwanzo. Mchanga wa Mama bado uko kwenye mashindano.

#14 Tupa na Msasa
Mangi, jaribu hivi. Safisha sehemu ile kwa brashi ya shaba, siyo ya chuma, maana nywele za brashi ya chuma zinabaki na kukudanganya. Kisha piga msasa namba 120, kina cha nusu milimita. Kusanya vumbi kwenye karatasi nyeupe, pitisha sumaku ndani ya glavu chini ya karatasi. Vumbi la alumini halitembei. Punje nyeusi zikitembea, ni mchanga. Ukitokea uzi unaong'aa unaotembea, ni chuma.

#15 Umeme Mdogo (Njiro)
Nirudi kwenye ile asali ya namba 1, imepitwa. Alumini haivutwi, ila inapinga mwendo. Sumaku ikitembea juu ya bamba, inazalisha mikondo ya umeme ya kuzunguka ndani ya bamba, na mikondo hiyo inatengeneza usumaku unaokinzana na mwendo ulioizaa. Simamisha sumaku, mikondo inakufa. Ndiyo maana hainasi ukiiacha.

Chukua bomba la alumini la mita 1, ndani milimita 16, ukuta milimita 2. Dondosha sumaku ya neodimi ya duara, milimita 12. Kwenye bomba la plastiki la nyaya inafika chini kwa sekunde 0.45. Kwenye alumini unahesabu sekunde kadhaa. Pasua bomba hilo kwa msumeno kutoka juu hadi chini, utaona inashuka haraka zaidi, kwa kuwa mikondo imekatiwa njia ya kuzunguka.

Zile mita za umeme za zamani, kabla ya LUKU, kisahani kinachozunguka ni alumini. Koili zinakisukuma, sumaku ya kudumu inakishika breki. Kingekuwa chuma kingeng'ang'ania kwenye sumaku. Mambo haya aliyagundua Faraday.

#16 Mwalimu wa Maabara
Marekebisho madogo: aliyeona kisahani cha shaba kinachozunguka kikiburuza sindano ya dira ni Arago wa Ufaransa, mwaka 1824. Faraday alieleza sababu baada ya ugunduzi wake wa 1831, Lenz akatoa kanuni ya upande wa mkondo mwaka 1834, na Foucault akaonyesha mwaka 1855 kwamba kisahani kinapata moto.

#17 Kopa Safi
Breki hiyo inafaa kazini. Inamisha bamba nyuzi 45, achia sumaku iteleze. Shaba na alumini nene zinaichelewesha sana. Stenlesi isiyonasa karibu haicheleweshi kitu, kwa sababu ukinzani wake kwa umeme ni zaidi ya mara 20 wa alumini. Zote tatu hazinasi, lakini zimeshajitenga. Bamba liwe milimita 2 kwenda juu. Karatasi ya alumini ya kufungia chakula haitakuonyesha kitu.

Ila waya wa alumini uliopakwa shaba kipimo hiki hakiugundui. Huo ukwaruze kwa kisu: chini ya ngozi nyekundu utaona nyeupe.

#18 Dada wa Kiboriloni
Samahani kuingilia. Masinki ya stenlesi, mengine yananasa mengine hayanasi. Wauzaji wanasema inayonasa ni feki. Kweli?

#19 Tupa na Msasa
Siyo kweli moja kwa moja, dada. Stenlesi ya 304, yenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hainasi ikiwa bamba jipya. Ikikunjwa au kuvutwa na mashine, mpangilio wa ndani wa kona zake unabadilika na kuanza kuvuta kidogo. Kwa hiyo sinki la 304 linavuta kwenye kona na siyo kwenye tambarare. Ya 430 haina nikeli na inanasa kila mahali. Ni stenlesi halali, ila inashika kutu mapema kwenye chumvi. Na 201 hainasi, wakati ni duni kwa 304. Sumaku peke yake haiwezi kukuhakikishia sinki.

#20 Dada wa Kiboriloni
Shukrani. Na jiko la umeme la induksheni kukataa sufuria ya alumini, ni kwa sababu hainasi?

#21 Umeme Mdogo (Njiro)
Ndiyo na hapana. Mikondo inazaliwa hata kwenye alumini, lakini ukinzani wake ni mdogo mno, joto halitoki la kutosha, na jiko likiona hivyo linajizima. Kwenye mitetemo 25,000 kwa sekunde mkondo unaingia kama milimita 0.5 ndani ya alumini. Kwenye chuma unabanwa kwenye ngozi isiyofika sehemu ya kumi ya milimita, na kupita kwenye njia nyembamba hivyo ndiko kunakoleta moto.

#22 Tupa na Msasa
Umeme Mdogo, kwa mnunuzi jibu ni fupi: sumaku ishike chini ya sufuria, katikati na pembeni. Ikishika katikati tu, chakula kitaungua katikati.

#23 Chalii wa Ngarenaro
Mwalimu, namba 3 umetaja metali tatu kama vile mlango umefungwa. Gadolini, metali adimu, nayo inanasa ikiwa chini ya nyuzi 20 hivi. Na Heusler wa Ujerumani alionyesha mwaka 1903 kwamba shaba, manganizi na alumini, ambazo hakuna hata moja inayonasa, zikiunganishwa zinanasa. Sumaku za alniko (alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma) zenyewe zina alumini karibu sehemu moja ya kumi. Leo umekamatwa.

#24 Mwalimu wa Maabara
Nimekamatwa kihalali, chalii wangu. Ila Heusler alihitaji vipimo maalumu. Haitokei kwa bahati kwenye kalibu ya sufuria.

#25 Mangi wa Pasua
Wakuu, majibu ya vipimo.

Uzito mkavu kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 1.35. Ikiwa imezama yote majini, imeinamishwa mapovu yatoke: kilo 0.85. Maji yaliyosukumwa ni kilo 0.50, kwa hiyo wiani, yaani uzito ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule, ni 2.7. Alumini ni 2.7.

Msasa: vumbi jingi halikutembea. Zimetembea punje nyeusi kama kumi, hakuna uzi unaong'aa. Sumaku bado inaegemea pale, ila kwa unyonge zaidi ya mwanzo.

#26 Mama wa Mbuyuni
Punje nyeusi. Mchanga huo.

#27 Chalii wa Ngarenaro
Mama, imepungua, haijaisha. Kipande kikiwa chini ya ngozi, msasa wa nusu milimita haukifikii. Na hizo punje zinaweza kuwa za msasa wenyewe. Karatasi za kahawia zina punje chache zenye chuma. Mangi, piga msasa huohuo kwenye mbao kavu, upitishe sumaku. Zikitembea na huko, hesabu inaanza upya.

#28 Mwalimu wa Maabara
Na ile 2.7 isikupe uhakika. Mizani inayosoma kwa gramu 10 inaweza kukosea tofauti ya majini kwa gramu 10 hivi, kwa hiyo jibu lako liko popote kati ya 2.65 na 2.76. Tena boliti ya gramu 5 ndani ya sufuria ya gramu 1,350 ingepandisha wiani kutoka 2.70 hadi 2.707 tu. Kwa mizani hiyo huwezi kuiona.

#29 Tupa na Msasa
Kilichobaki ni kutoboa. Biti ya milimita 3, mwendo wa taratibu, tone la mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye biti. Toboa sehemu ileile inayovuta, na upime sumaku kila milimita moja. Biti ikigonga kitu kigumu na kuanza kulia, Chalii ameshinda. Ikipita laini mpaka mwisho na mvuto umekufa njiani, ni Mama. Tundu lizibwe kwa ripiti ya alumini, siyo gundi, maana sufuria inaenda motoni.

#30 Mangi wa Pasua
Nitaanza na mbao kama alivyosema Chalii, msasa mpya. Kutoboa naweka mwisho. Mama, hao wanaomimina sufuria wakitaka kuondoa chembe kwenye mchanga wafanyeje, mchanga ni ndoo kumi?

#31 Mama wa Mbuyuni
Uanikwe ukauke kabisa, ukiwa mbichi chembe zinashikana na udongo. Mwaga kidogo kidogo kwenye bati lililoinama, na panga sumaku za spika nne au tano chini ya bati, katikati ya njia. Liwe la alumini tupu au plastiki. La msauzi litazimeza sumaku lenyewe, Bati na Kofia ameshaeleza. Chembe nyeusi zinabaki zimesimama juu ya sumaku, mchanga unapita. Kila debe, simamisha, toa sumaku, fagia. Usiondoe udongo mwembamba pamoja nazo, ndio unaoshikilia umbo. Ukipungua, kona za mshikio zitabomoka zaidi ya mwanzo.